Lugha sita, tano zimekufa: tunajuaje kwamba zilikuwa ndugu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimesoma kwamba huko Siberia kuna lugha iitwayo Ket, wasemaji wake wamebaki wachache mno, na kwamba ilikuwa na ndugu watano ambao wote wamekufa. Baadhi yao eti wameacha orodha fupi za maneno tu. Sasa orodha iliyoandikwa na msafiri karibu miaka 300 iliyopita inathibitishaje undugu? Lugha mzazi ambayo haikuandikwa popote mnaijengaje? Na hii habari ya undugu na Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, ni kweli au porojo?

Jibu: Marahaba. Maswali ni matatu, na la katikati ndilo lenye mnofu, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza tuwatambue wenyewe. Ukoo huu unaitwa Kiyenisei, kwa jina la mto mkubwa unaoipasua Siberia kutoka kusini hadi Bahari ya Aktiki. Lugha zinazojulikana ni Kiketi, Kiyugi, Kikoti, Kiasani, Kiarini na Kipumpokoli. Sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu Waketi 1,219, lakini wanaoisema lugha yao kwa ufasaha ni sehemu ndogo sana ya hao, na wengi ni wazee. Kiyugi kilififia katika miaka ya 1970. Kikoti kilinusurika kidogo kwa bahati: katika miaka ya 1840 mtafiti Mfini Matthias Castrén aliwakuta watu watano tu waliokuwa bado wanakijua, akakaa nao, akaandika sarufi. Alifariki 1852, na kitabu kikatoka 1858. Zile tatu nyingine zilipotea karne ya 18, na tulicho nacho ni yale yaliyoandikwa na wasafiri: Messerschmidt katika miaka ya 1720, Müller na Fischer katika msafara uliofuata, kisha kamusi linganishi ya Pallas iliyoanza kuchapishwa 1787 kwa amri ya malkia Ekaterina wa Pili.

Kwa hiyo ni kweli, tunafanya kazi na makombo. Lakini makombo hayana uzito sawa.

Watu wengi hudhani kazi yetu ni kupanga maneno yanayofanana na kuhesabu. Kama ingekuwa hivyo, Kiswahili kingekuwa tawi la Kiarabu kwa sababu ya kitabu, sahani na habari. Kufanana namna hiyo kunaonyesha kwamba watu walikutana, wakafanya biashara, wakasali pamoja. Undugu ni jambo jingine. Kikoti kinatupa mfano mzuri. Mbwa mwitu kwa Kikoti ni *boru*. Angalia lugha za Kituruki zilizokuwa jirani, utakuta *böri* na *börü* kwa maana ileile. Angalia Kiarini, utakuta *qut*, na Kiketi nacho kina neno linalokaribiana sana na hilo la Kiarini. Hapo hakuna fumbo: Wakoti walikopa kwa majirani, na neno la ukoo likawatoka. *Boru* linafutwa kwenye orodha ya ushahidi, hata liwe limeandikwa vizuri namna gani.

Tunachotafuta ni mlingano wa sauti unaojirudia. Chukua Kiswahili na Kichewa. Sisi tunasema *njaa*, wao *njala*. Sisi *kaa*, wao *khala*. Sisi *jaa*, wao *dzala*. Mahali petu penye irabu mbili zilizofuatana, wao wana *l* katikati. Kwa neno moja ungesema ni sadfa, lakini likijirudia neno baada ya neno, katika maneno ambayo watu hawakopi ovyo, sadfa inakosa pa kusimama. Halafu angalia ndani ya Kiswahili chenyewe: *zaa* lakini *zaliwa*, *twaa* lakini *twaliwa*, *kaa* lakini *kalia*. Ile *l* ilidondoka mwishoni mwa mzizi, ila inachungulia kila unaponyambua. Kichewa hakikuongeza kitu; sisi ndio tuliopoteza.

Sasa rudi Siberia ukiwa na mfano huo kichwani. Nitayaandika maneno kwa tahajia iliyorahisishwa, bila alama za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Mpangilio ni Kiketi, Kiyugi, Kikoti, Kipumpokoli, na mwisho Kiarini:

maji: *ul, ur, ul, ul*, kul
betula (mti wa nchi za baridi): *us, us, ucha, uta*, kus
mbili: *ɨn, ɨn, ina, hineang*, kina

Unaona jambo lenyewe. Kiarini kina *k* mwanzoni mahali ambapo wengine hawana kitu. Mgeni wa kazi hii angepiga kura: lugha nne hazina *k*, moja inayo, basi nne zimeshinda na lugha mzazi ilikuwa na *ul*. Lakini katika isimu linganishi wingi haushindi. Suala ni mabadiliko yapi yanaelezeka. Konsonanti ya mwanzo kulegea na kudondoka ni jambo la kila siku katika lugha za dunia. Ila *k* kuota yenyewe mbele ya maji, mti na namba, vitu ambavyo havina hata kiambishi kimoja cha kuvikusanya, kunahitaji maelezo ambayo hayapo. Tena Kipumpokoli kinatoa *h* kwenye mbili, kana kwamba kimeikamata sauti hiyo ikiwa njiani kuondoka. Ndiyo maana katika lugha mzazi huwekwa konsonanti ya nyuma ya kinywa, karibu na *kh* ya *kheri*, ambayo huandikwa *x*. Neno la maji hupewa kinyota mbele, *\*xul* hivi, kuonyesha kwamba ni umbo lililojengwa, halikusikika kwa mtu yeyote. (Ile *l* ya mwisho ina kesi yake, maana Kiyugi kinatoa *r*. Niiache, tutakesha.)

Fikiria sasa kama Kiarini kingekufa miaka 50 mapema, kabla ya hao wasafiri kupita. Tungebaki na *ul*, *us* na *ɨn*, tungejenga lugha mzazi isiyo na konsonanti hiyo, kila kitu kingekaa sawasawa, na tungekuwa tumekosea bila njia yoyote ya kugundua. Maneno machache ya lugha iliyoandikwa vibaya yanabeba sauti ambayo Kiketi, pamoja na kamusi zake zote, hakiwezi kutuonyesha. Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote: katika ukoo mdogo, thamani ya shahidi haipimwi kwa wingi wa maneno yake. Inapimwa kwa kile alichokihifadhi ambacho wenzake wamekipoteza. Kibantu kina lugha zipatazo 500; neno likipotea kwetu litapatikana pengine, na likiandikwa vibaya mahali pamoja kuna 20 nyingine za kulisahihisha. Kiyenisei hakina anasa hiyo.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu maneno yenyewe hayafanani hata kidogo. Majira ya baridi ni *ket* kwa Kiketi (irabu yake ni ya katikati ya kinywa, *e* yetu ni ya kukaribisha tu), *keti* kwa Kikoti, *lot* kwa Kiarini na *lete* kwa Kipumpokoli. Mwanga kwa Kikoti ni *kin*, na kwa Kiarini ni *lum*. Ukimwambia mtu barabarani kwamba *kin* na *lum* ni neno moja atakushangaa. Lakini *k* upande mmoja inakutana na *l* upande wa pili mara mbili, na irabu nazo zinakwenda kwa mkondo: za mbele kwa Kikoti, za nyuma kwa Kiarini. Mara mbili si nyingi, na nisingeweka dau kubwa juu ya mifano miwili ikiwa peke yake. Hata hivyo naiamini zaidi kuliko ningeziamini jozi kumi zinazofanana kama pacha, maana jozi zinazofanana mno ndizo zinazonuka mkopo.

Kuhusu waandishi wenyewe: orodha hizo ziliandikwa na watu wenye masikio ya Kijerumani, mara nyingi kupitia mkalimani, na zile za Pallas zilipigwa chapa kwa herufi za Kirusi. Hakuna aliyeandika toni. Kiketi kina toni nne katika maneno ya silabi moja, mojawapo ikiwa na mkato wa koo. Neno la mto na neno la mti fulani wa jamii ya msonobari, ule unaopukutisha majani wakati wa baridi, yote mawili ungeyaandika *ses*. Yanatofautiana hasa kwa toni na mkato huo. Mwandishi wa karne ya 18 angeandika kitu kilekile mara mbili na kwenda zake. Kwa hiyo toni za lugha mzazi zinajengwa kwa kutegemea Kiketi na Kiyugi, pamoja na dalili chache za Kikoti, na lolote linalosemwa juu ya toni za Kiarini ni kukisia.

Hilo ni tatizo dogo. Kubwa zaidi ni majina ya lugha. Watoza kodi wa Kirusi waliwaandika watu kwa kundi la kodi ya ngozi za wanyama, na msafiri aliyefika kijijini aliandika jina la kundi juu ya karatasi yake bila kuuliza kama huyo anayemhoji kweli anasema lugha ya kundi hilo. Baadhi ya maneno yaliyohifadhiwa chini ya jina la Kipumpokoli yanafanana na Kiyugi kiasi cha kutia shaka. Mtu asiyeyachambua anajikuta na lugha moja yenye tabia mbili: neno hili linafuata kanuni, lile linaivunja. Kabla ya kutunga kanuni ya tatu ya kuokoa mbili za kwanza, mimi huuliza karatasi ilitoka wapi. Mara nyingi kosa liko huko.

Hapo ndipo uainishaji wa ndani unapokuwa mgumu. Kwamba Kiketi na Kiyugi ni mapacha, hakuna anayebisha. Kikoti na Kiasani walikuwa karibu hivyohivyo, na wapo wanaovihesabu kuwa lahaja mbili za lugha moja. Lakini Kiarini na Kipumpokoli viwekwe wapi? Kanuni yetu ni kwamba tawi hujulikana kwa mabadiliko yaliyofanywa pamoja. Kilichohifadhiwa pamoja hakithibitishi kitu, kwa sababu kitu cha mzazi kinaweza kubaki kwa watoto wawili wasio na ukaribu wowote wa pekee. Kwa hiyo ile *k* ya Kiarini, pamoja na thamani yake yote katika kujenga lugha mzazi, haisaidii chochote katika kupanga matawi. Ile *l* ya *lot* na *lete* je? Ikiwa ni mabadiliko mapya, basi Kiarini na Kipumpokoli vilipita njia moja kwa muda. Ikiwa ndiyo hali ya kale na wengine ndio waliobadilika, hatuna ushahidi wa tawi. Wataalamu wamegawanyika: wapo wanaoviweka hivi viwili pamoja na Kikoti upande wa kusini dhidi ya Kiketi na Kiyugi, na wapo wanaokipa kila kimoja tawi lake. Mimi niko na hao wa pili, si kwa kuwa nina ushahidi wa kutenganisha, ila ushahidi wa kuunganisha ni mwembamba mno.

Kuna shahidi mmoja wa ziada ambaye hukuuliza habari zake: majina ya mito. Neno la mto ni *ses* kwa Kiketi na Kiyugi, *shet* kwa Kikoti, *sat* kwa Kiarini na *tat* kwa Kipumpokoli. Mlingano wa *s* na *t* huo hapo, na bahati nzuri watu hawabadilishi majina ya mito wanapobadilisha lugha. Andreas Dulson, mwanaisimu Mjerumani wa Volga aliyehamishiwa Tomsk kwa nguvu 1941, aligeuza uhamisho wake kuwa kazi. Aliyakusanya majina ya mito ya Siberia ya magharibi na kusini, akayapanga kwa miisho yake, na ramani ikajichora: miisho ya namna ya Kiketi huku, ya Kikoti kule, ya Kipumpokoli kwingine, katika eneo kubwa kupita lile ambamo Warusi waliwakuta watu hao. Hata Taishet, mji wa njia panda ya reli, umebeba *shet* ya Kikoti jinani. Picha inayotoka ni ya watu waliokaa kusini zaidi wakasogea kaskazini kufuata mito, na Waketi tunaowajua leo ndio waliofika mbali. Majina ya mito hayakupi kitenzi wala kiwakilishi, lakini yanakwambia lugha ilipolala.

Tuje kwa Wanavajo. Porojo si neno la haki, ingawa magazeti yamelikuza jambo kupita kiasi. Wazo la kuunganisha Kiyenisei na lugha za Marekani Kaskazini ni la zamani. Mwitalia Alfredo Trombetti alilitaja katika miaka ya 1920. Lililobadilisha mambo ni kazi ya Edward Vajda, mtaalamu wa Kiketi, aliyoiwasilisha Alaska 2008 na kuichapisha 2010. Yeye hakuridhika na orodha ya maneno. Alianza na kitenzi. Kitenzi cha Kiketi hupanga viambishi awali katika nafasi maalumu, kimoja nyuma ya kingine, katikati ya majirani wanaopachika karibu kila kitu mwishoni mwa neno. Kinavajo na jamaa zake, pamoja na Kieyaki na Kitlingiti cha Alaska, navyo vina kitenzi cha namna hiyo. Vajda alidai kwamba nafasi hizo zinalingana, na baadhi ya viambishi vilivyomo pia vinalingana kwa sauti. Msomaji wa Kiswahili, ambaye kitenzi chake nacho kimejengwa kwa nafasi, ataelewa upesi kwa nini hoja hii ni nzito kuliko orodha: *a-li-ki-soma* mtu haikopi nzimanzima kama anavyokopa sahani.

Ila tahadhari. Kupanga nafasi peke yake ni umbo, na maumbo hufanana bila undugu. Kuna lugha nyingi duniani zenye viambishi awali vya nafasi ambazo hazihusiani kabisa. Kinachohitajika ni vipande vyenyewe vilivyomo ndani ya nafasi hizo, na tena milingano ya sauti inayojirudia katika msamiati wa kawaida. Hapo wakosoaji, Lyle Campbell akiwa mmoja wao, walisema mifano ni michache mno kwa kila mlingano, na maana nyingine zimevutwa ili zikutane. Chukua jiwe: Kiyugi *chʌs*, Kiketi *tʌs*, Kikoti *shish*, Kiarini *kes*, upande wa pili Kinavajo *tsé*, Kitlingiti *té*. Inavutia. Lakini ndani ya Kiyenisei chenyewe sauti hiyo ya mwanzo inatoka *t*, *ch*, *sh* na *k*, yaani ina uso kwa kila mgeni, na sauti yenye nyuso nyingi hivyo ni rahisi kuipatia mwenza popote. Kwa hiyo jozi hiyo ikiwa peke yake hainipi usingizi wala hainikoseshi.

Msimamo wangu: dhana hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutolewa za kuunganisha lugha za Asia na za Marekani kuvuka Mlango wa Bering, ukiacha Kieskimo ambacho kimekaa pande zote mbili kwa macho ya kila mtu. Haijathibitishwa. Wanaokwenda mbali zaidi na kukusanya Kiyenisei, lugha za Kaukazi, Kiburushaski cha kaskazini mwa Pakistani na Kichina katika ukoo mmoja mkubwa, siwafuati. Huko tumerudi kwenye kuhesabu kufanana.

Ukitaka kuifuatilia mwenyewe, nitakupa kipimo ninachokitumia. Chukua maneno ya Kiyenisei ambayo Kiarini kinayaanza kwa *k* na wengine hawana kitu. Hayo ni maneno ambayo tayari tunajua kwamba yalikuwa na konsonanti moja ileile. Kama undugu na upande wa Navajo ni wa kweli, basi kila moja lililosalia huko linapaswa kuanza kwa sauti moja inayotabirika, bila kuruhusiwa kubadili maana ili lipatikane. Mwandishi akikuonyesha mawili au matatu ya namna hiyo, msome kwa makini. Akikuonyesha moja, na lingine lenye maana ya mvua au ziwa badala ya maji, muulize mengine yako wapi.